Kuyavika Matone ya Mafuta Ganda la Jelatini na Gamu Arabika: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali ya wanaoanza kuvika matone ya mafuta ganda ni yale yale. "Nimeshusha pH hadi 4, mbona mafuta yanaelea yakiwa uchi?" "Mbona kila kitu kimegandia kwenye sumaku ya kukorogea?" "Mbona ganda limeyeyuka nilipoosha?" Karibu yote yana mzizi mmoja. Kuifanya protini (hapa jelatini) na polima (molekuli ndefu, hapa gamu) vijitenge na maji ni kazi moja. Kuifanya hiyo tabaka iliyojitenga ikubali kutanda juu ya tone la mafuta ni kazi nyingine kabisa. Wengi hukamilisha ya kwanza, wakadhani wamemaliza.

Nadharia unayoihitaji leo ni ndogo. Jelatini ni protini. pH ikiwa chini ya nukta yake ya isoelektriki, yaani pH ambapo chaji zake chanya na hasi zinalingana, inabeba chaji chanya. Gamu arabika, utomvu mkavu wa mgunga, inabaki na chaji hasi mpaka pH ishuke sana, karibu na 2. Katikati ya hapo viwili hivi vinavutana, vinajitenga na sehemu kubwa ya maji, na kuunda kimiminika kizito kinachoitwa koasaveti. Zingatia neno "kimiminika". Koasaveti nzuri inatiririka kama asali, na ndiyo maana inaweza kutanda juu ya tone. Ikitoka kama chengachenga ngumu, hiyo si koasaveti bali ni mashapo, na mashapo hayavishi kitu.

Jina koasaveti lilitolewa na Bungenberg de Jong na Kruyt mwaka 1929. Matumizi makubwa ya kwanza yalitoka kwa Green na Schleicher wa kampuni ya National Cash Register nchini Marekani, waliopata hataza mwaka 1957: kapsuli ndogo za mafuta zilizopakwa kwenye karatasi za nakala, zikipasuka chini ya kalamu na kuacha maandishi. Mapishi yaliyo hapa chini ni ya ukoo huohuo.

Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Jelatini aina A, yenye nguvu ya Bloom (kipimo cha ugumu wa jeli yake) 200 au zaidi, gramu 4.5. Aina ni muhimu kuliko chapa. Aina A ina nukta ya isoelektriki kati ya 7 na 9, aina B kati ya 4.7 na 5.2. Kopo lisilotaja aina liache.
- Gamu arabika ya unga, gramu 4.5.
- Mafuta ya alizeti, gramu 6. Mafuta yenye harufu kali, kama ya maganda ya machungwa, yaache kwanza. Tabia zake kwenye mpaka wa maji ni tofauti na yatakuchanganya.
- Maji yaliyokenekwa, lita moja na nusu. Ya bomba yana chumvi, na chumvi ndiyo adui mkubwa wa kazi hii.
- Asidi asetiki ya asilimia 10, na nyingine ya asilimia 1 kwa majaribio madogo.
- Hidroksidi ya sodiamu, mola 0.5 kwa lita. Vaa miwani na glavu unapoishika.
- Kimeng'enya cha transglutaminasi kwa ajili ya kukaza ganda.
- Kipima pH kilichosawazishwa kwa myeyusho wa pH 4 na wa pH 7 siku hiyohiyo. Karatasi za litmasi hazitoshi, maana hapa tofauti ya 0.2 inabadilisha matokeo.
- Beseni la maji moto lenye kidhibiti joto, kipimajoto, kikorogeo cha sumaku au cha fimbo inayozamishwa kutoka juu, na homojenaiza (mashine ya kuyapiga mafuta yawe matone madogo).
- Hadubini ya kukuza mara 100 na mara 400. Usianze bila hiyo. Emulsheni, yaani matone ya mafuta yaliyotawanyika majini, ni nyeupe kabla hujaweka asidi na inabaki nyeupe baadaye, kwa hiyo jicho peke yake halina la kukuambia.

Hatua

1. Loweka jelatini. Nyunyiza gramu 4.5 juu ya mililita 150 za maji baridi, uiache inywe maji kwa nusu saa. Kisha pasha moto hadi nyuzi 45 au 50 za selsiasi mpaka myeyusho uwe angavu. Ukiitupa moja kwa moja kwenye maji ya moto, punje za nje zinavimba na kufunga ndani unga mkavu, ukabaki na madonge yasiyoisha. Usivuke nyuzi 60 kwa muda mrefu: minyororo ya protini inakatika, na baadaye ganda halitaganda vizuri.

2. Yeyusha gamu. Ichotee kidogokidogo kwenye mililita 150 za maji huku ukikoroga. Afadhali ifanye jana yake, ilale kwenye jokofu ijae maji vizuri. Asubuhi ichuje kwa kitambaa safi, kwa sababu vipande vya magome na mchanga si jambo la ajabu kwenye gamu. Ipashe hadi nyuzi 45.

3. Rekebisha pH ya kila myeyusho iwe 6.5, kwa matone machache ya hidroksidi. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Gamu ikiyeyushwa kwenye maji matupu huwa na asidi kidogo, kwa kawaida kati ya 4.5 na 5. Ukiimimina hivyo kwenye jelatini, utengano unaanza papo hapo, kabla hujajipanga, na vipande vinavyotokea ni vikubwa na vya ovyo. Kwenye 6.5 mchanganyiko unaweza kuwa na ukungu mwepesi tu. Huo usikutishe.

4. Fanya jaribio bila mafuta. Chukua mirija sita. Kila mmoja utie mililita 5 za jelatini, mililita 5 za gamu na mililita 10 za maji ya nyuzi 45. Kwa asidi ya asilimia 1, ipeleke kwenye pH 4.8, 4.6, 4.4, 4.2, 4.0 na 3.8. Iache wima kwenye beseni la moto kwa saa moja.

   Sasa iangalie dhidi ya mwanga. Mrija unaoutafuta ni ule ambao maji ya juu yamekuwa maangavu kuliko mingine, na chini kuna tabaka nzito inayoteleza ukiinamisha mrija. Andika pH yake. Ndiyo shabaha yako. Kwa jelatini aina A mara nyingi inaangukia kati ya 4.0 na 4.5, lakini usiniamini mimi, amini mirija yako: gunia moja la gamu si sawa na lingine. Weka pia tone la tabaka hilo chini ya hadubini. Vitufe vya duara vinavyogusana na kuungana polepole kuwa kimoja ni koasaveti. Vipande vyenye kona ni mashapo, na hapo rudi uangalie pH na usafi wa maji kabla hujapoteza mafuta yako.

5. Tengeneza emulsheni. Chukua mililita 100 za gamu yenye joto, tia gramu 6 za mafuta yaliyopashwa hadi nyuzi 45, piga kwa homojenaiza kwa dakika 3 hadi 5. Tunatia mafuta kwenye gamu, si kwenye jelatini, kwa sababu gamu ina sehemu ndogo iliyoshikamana na protini, na sehemu hiyo inang'ang'ania mafuta vizuri. Kwa kujifunza, lenga matone ya maikromita 20 hadi 50, ambayo utayaona bila shida. Matone madogo mno yatakunyima fursa ya kuliona ganda.

   Kichwa cha homojenaiza kizame vyema. Kikikaa karibu na uso wa maji kinavuta hewa, na mapovu nayo yanavikwa ganda. Chini ya hadubini povu lina ukingo mweusi mnene, tone la mafuta lina ukingo mwembamba na kitovu kinachong'aa.

   Na tafadhali, usiongeze sabuni ya aina yoyote, wala Tween (kitu cha maabara kinachofanya kazi kama sabuni), ili "kusaidia" emulsheni. Nitalieleza hili mbele kidogo.

6. Changanya na uzimue. Hamishia emulsheni kwenye bika ya mililita 600 iliyo ndani ya beseni la nyuzi 45. Mimina mililita 100 za jelatini ukikoroga kwa mizunguko 300 hadi 400 kwa dakika, kisha mililita 200 za maji ya moto wa nyuzi hizohizo. Kuzimua si kupoteza nguvu. Kwenye myeyusho mzito, ayoni ndogo zinazofuatana na polima zinakuwa nyingi kiasi cha kufanya kazi ya chumvi, na mvuto kati ya jelatini na gamu unafifia. Kwa vipimo hivi polima zote mbili zinakuwa karibu asilimia 1.5 ya mchanganyiko, na hapo ni mahali pazuri pa kuanzia.

7. Shusha pH. Dondosha asidi ya asilimia 10 tone kwa tone huku kipima pH kikiwa ndani. Kutoka 6.5 hadi 5 unaweza kwenda haraka kiasi. Kuanzia 5 kwenda chini punguza mwendo: tone, subiri namba itulie, tone jingine. Kushuka sehemu hii ya mwisho kuchukue dakika 20 au zaidi. Koasaveti inayozaliwa polepole inazaliwa katika vitufe vidogo, na vitufe vidogo vinaukuta uso wa mafuta kabla havijakutana vyenyewe kwa vyenyewe.

   Ukipitiliza kidogo, sema umefika 3.9 ulipotaka 4.2, iache hapohapo. Usirudi juu kwa hidroksidi halafu ukashuka tena. Kila kurudi kunaacha chumvi ndani ya bika, na safari mbili tatu za namna hiyo zinaweza kuua utengano kabisa huku kipima pH kikikuonyesha namba nzuri.

8. Tazama. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo usiharakishe. Pasha slaidi na pipeti juu ya kifuniko cha beseni kwanza. Slaidi baridi inadanganya: koasaveti inaganda mara inapogusa kioo, nawe unaona picha ya ajali badala ya picha ya bika. Weka tone moja, funika kwa kioo chembamba bila kukandamiza, na ufunge diafragma ya kondensa (kilango cha mwanga chini ya slaidi) mpaka ukingo hafifu uanze kuonekana. Koasaveti imejaa maji, haikatazi mwanga sana, na kwa mwanga wote ukiwa wazi ganda zuri kabisa linaweza kukupita usilione.

   Unatafuta mafuta yanayong'aa katikati, na kuyazunguka ukanda mwembamba wa kijivu wenye ukingo wa pili kwa nje. Mara nyingi ganda si la unene sawa. Upande mmoja mnene, mwingine mwembamba. Hilo ni la kawaida, kwani ganda bado ni kimiminika na linasukumwa na mkorogo. Ukiona matone ya mafuta upande wake na vitufe vya koasaveti upande wake, vinapishana bila kushikana, usiendelee kupoza. Baridi haitatengeneza kilichoshindikana kwenye moto. Ukiona kitufe kimeng'ang'ania upande mmoja wa tone tu, umefika nusu ya njia.

9. Poza polepole, nyuzi moja kwa dakika au chini ya hapo, hadi nyuzi 10. Toa maji ya moto kwenye beseni kidogokidogo, ongeza baridi, kisha barafu mwishoni. Mkorogo usisimame hata kidogo kati ya nyuzi 32 na 20. Humo ndimo jelatini inapogeuka kutoka majimaji kwenda utandoutando wenye kunata, na kapsuli zikiachwa zitulie hapo zinashikana kuwa bonge moja. Ukizidisha kasi nayo, mkorogo unalivua ganda likiwa bado laini. Ukianza na 300 kwa dakika, shuka hadi 200 baada ya kufika nyuzi 20.

10. Kaza ganda. Ukiwa kwenye nyuzi 10, na si kabla, pandisha pH hadi 6.0 kwa hidroksidi, tone kwa tone. Ukipandisha pH mchanganyiko ukiwa bado vuguvugu, mvuto unakatika na ganda linarudi kuwa myeyusho. Weka transglutaminasi yuniti 10 hadi 15 kwa kila gramu ya jelatini. Bika yako ina gramu 3, kwa hiyo unga wenye yuniti 100 kwa gramu utahitaji takriban gramu 0.3 hadi 0.45. Acha usiku kucha kwenye nyuzi 10 hadi 15 ukikoroga polepole.

    Maelekezo mengi ya zamani yanatumia glutaraldehidi. Inakaza haraka kweli, lakini ni sumu, inachoma macho na njia ya hewa, na mbadala wake upo. Anayeanza hana sababu ya kuigusa.

11. Jaribu, osha, hifadhi. Tia kijiko kidogo cha kapsuli kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 10. Zikibaki nzima, zimekaza. Mafuta yakipanda juu, kimeng'enya hakijafanya kazi, ongeza muda. Osha kwa maji baridi mara mbili tatu. Weka kwenye jokofu uzitumie ndani ya siku chache, maana jelatini yenye maji ni karamu ya bakteria na kuvu.

Usisahau kipima pH. Protini inajipaka kwenye kioo cha elektrodi, na kesho yake namba zinachelewa na kupotoka. Isuuze kwa maji vuguvugu mara tu unapomaliza, kabla haijakauka.

Kuhusu sabuni, kama nilivyoahidi

Kuna mivutano mitatu ya nyuso inayoshindana: mafuta na maji, mafuta na koasaveti, koasaveti na maji. Koasaveti inatanda na kulizingira tone pale ambapo mvutano wa kwanza unazidi jumla ya hiyo mingine miwili. Bahati ni kwamba mvutano kati ya koasaveti na maji ni mdogo mno, kwa kuwa koasaveti yenyewe sehemu kubwa ni maji. Basi mambo yote yanategemea mafuta. Sabuni inaporundikana kwenye uso wa tone inapunguza mvutano wa mafuta na maji, na inafukuza protini iliyokuwa imeshika pale. Tone linastarehe majini, halina tena haja ya nguo. Emulsheni inakuwa nzuri kweli, matone madogo, meupe, yametulia, na hakuna hata moja litakalovaa. Hata mabaki ya sabuni kwenye bika iliyosuuzwa vibaya yanatosha kukuharibia siku.

Ikikataa

*Chini kuna tabaka angavu kama sharubati, juu kuna krimu nyeupe.* Koasaveti imepatikana ila haijatanda. Ni nzito kuliko maji, ndiyo maana imezama. Mafuta ni mepesi, yamepanda. Shuku sabuni kwanza, kisha aina ya mafuta, kisha kasi ya kushusha pH. Kapsuli zilizovaa vizuri hazijigawi hivyo: zinaelea kivivu au zinazama kidogo, kutegemea unene wa ganda.

*Hakuna utengano wowote, hata kwenye mirija isiyo na mafuta.* Chumvi. Maji ya bomba, jelatini ya jikoni iliyotiwa ladha, au kurudisharudisha pH. Chumvi ya mezani chini ya asilimia moja inatosha kuudhoofisha mvuto wote. Kama chumvi haipo, hakikisha jelatini ni aina A kweli. Aina B inahitaji pH ya chini zaidi, na dirisha lake ni jembamba. Rudia hatua ya 4 kwa nafasi za 0.1.

*Chengachenga badala ya vitufe.* Asidi imeingia kwa kishindo sehemu moja, au uwiano umeelemea upande mmoja. Idondoshee karibu na sumaku ambapo maji yanakwenda kasi, si ukingoni. Pia angalia joto: chini ya nyuzi 40 koasaveti inaanza kuwa ngumu kabla haijatanda.

*Bonge moja kwenye sumaku.* Ulipoza haraka, au mkorogo ulisimama. Kama bado hujaweka kimeng'enya, unaweza kuokoa: pasha tena hadi 45 mpaka bonge liyeyuke, hakikisha kwa hadubini kwamba ganda limerudi, kisha poza upya. Ukishaweka kimeng'enya, tupa.

*Kapsuli zina matone mengi ndani badala ya moja.* Hili si kosa lazima. Matone madogo na mkorogo hafifu vinaleta mashada hayo, na kwa kuzuia mafuta yasivuje mashada mara nyingi ni imara zaidi. Ukitaka tone moja kwa kapsuli moja, anza na matone makubwa na uongeze maji ya kuzimua.

*Nimebadilisha nikatumia protini ya maziwa na pektini, sioni ganda.* Huenda lipo. Pektini inajibandika kwenye matone yaliyofunikwa na protini ya maziwa pH inaposhuka chini ya 5 hivi, lakini tabaka lake ni jembamba kupita uwezo wa hadubini ya kawaida. Hapo unahitaji kipimo cha chaji ya uso, ambacho kitageuka kutoka chanya kwenda hasi pektini inapofunika. Matone yakishikamana kuwa mabonge, pektini ni chache: mnyororo mmoja unashika matone mawili kwa mpigo. Ongeza pektini, na uitie yote ingali pH iko juu, karibu 7, ndipo ushushe. Tena mfumo huo haugandi kwa baridi, kwa hiyo hatua ya 9 haikusaidii kitu.